Binti wa Makina na Chembe za Fedha



Wiki mbili zilizopita niliitwa Nairobi kwa shauri la posa. Dada yangu aliolewa na Mnubi wa Makina, Kibera, yapata miaka ishirini na tano sasa, na binti yao mkubwa amemaliza shahada ya kwanza ya kemia. Posa ilitoka Kawangware, kwa jamaa Waislamu wenye duka la vipuri vya magari. Kijana ana adabu, anaswali, anajitegemea. Lakini upande wa mume uliweka neno moja: binti asiendelee na masomo. Naye amekwisha kupata nafasi ya shahada ya uzamili, kwa utafiti, katika elimu iitwayo nanoteknolojia. Baba yake akasema hatatoa jawabu mpaka mjomba mtu afike.

Nakiri mbele yenu kwamba nilipanda treni pale Miritini hukumu ikiwa tayari mfukoni. Nilijiambia kuwa shahada moja yamtosha mwanamke, na kuwa mume mwema hapatikani kila siku. Mtu aliyesoma vitabu vya fiqhi apaswa kuona haya kwa jambo hili, maana kadhi ahukumuye kabla ya kuwasikiliza wenye kesi amekosea tangu darasa la kwanza.

Wasiopajua Makina wapate kujua kwamba ni mji wa Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliokaa katika msitu ule tangu mwanzo wa karne iliyopita. Hati ya ardhi yao, ekari 288, waliipata mwaka 2017 tu. Nilikaribishwa kwa chakula kilichofunikwa tabaga, zile kawa zao za rangi nyingi, na baada ya kula nikamwita binti. Nikamuuliza, “Mwanangu, hiyo nano ni kitu gani, na nani atakila?”

Akajibu, “Mjomba, mimi nafanya kazi na chembe za fedha.”

Nikadhani asema pesa. Nikamwambia pesa hizo ziko wapi, mbona mama yake angali anakaanga mahamri alfajiri ili alipe karo? Wote wakacheka. Fedha aliyoikusudia ni ile ya pete na vikuku. Akanitoa nje, akanionyesha mitungi ya lita ishirini iliyopangwa ukutani.

Maji ya Kibera hununuliwa kwa mtungi. Siku ya neema ni shilingi tano, na mifereji ikikauka bei hupanda hata ishirini. Mabomba mengi ni ya plastiki, yamelala kando ya mitaro ya maji machafu. Maji yakikatika, bomba lenye ufa hufyonza uchafu ulio nje, na yakirudi, wa kwanza kukinga huukinga na uchafu huo. Ndiyo sababu shirika la SHOFCO liliamua kuyapitisha mabomba yake juu ya nguzo, kama nyaya za umeme. Dada yangu huchemsha maji yote ya kunywa, na mkaa anunua kwa kopo. Nilikuwa nikila kwake miaka yote hii, wala sikuwahi kuuliza chai yangu imegharimu nini kabla ya majani na sukari.

Binti akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa chuoni afundishaye alifu. Nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita kama elfu themanini au laki moja. Kitu kikisagwa mpaka kifikie nanomita kumi au ishirini hubadilika tabia: dhahabu huonekana nyekundu, na fedha, ambayo tangu zamani yajulikana kuwa yaua vijidudu, hupata nguvu zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe zake sasa iko nje, inagusa maji. Yeye ataka kuchoma vifuu vya nazi viwe makaa, ayapike makaa yale yawe na vitundu vingi, kisha azipandikize chembe za fedha humo, awe na kichujio cha nyumbani. Vifuu, ndugu zangu! Vile tunavyovitupa huku kwetu au kuvitia jikoni.

“Na hizo chembe zikitoka zikaingia tumboni?” nikauliza.

Akatabasamu. “Hapo ndipo ilipo nusu ya utafiti, Mjomba. Lazima nipime ni kiasi gani kinachotoka, tena kwa maji ya hapa hapa, si maji safi ya maabara.”

Wala si ndoto ya mtoto. Jirani zetu Tanzania wanaye Dakta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyesoma uzamivu wa nanoteknolojia katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Alichanganya mchanga na chembe za nano akatengeneza kichujio kinachoweza kurekebishwa kwa uchafu wa mahali: pengine ni vijidudu, pengine ni ile floraidi inayogeuza meno ya watoto wa Arusha kuwa ya kahawia. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa, pauni 25,000. Na mwaka 2025, mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya kemia ni Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman na kulelewa katika chumba kimoja cha familia nzima pamoja na ng’ombe wao. Alitunga vitu vyenye vitundu vidogo mno, ambavyo vingine huweza kuvuta maji kutoka hewa ya jangwani.

Kilichonigeuza moyo, hata hivyo, si tuzo. Nilimwuliza kwa nini shahada hii ichukue miaka miwili au mitatu kwa swali moja la kichujio. Akasema mwaka wa kwanza ni madarasa, kisha ni swali lako peke yako, na wasimamizi wawili wanaokukosoa. Chembe hizo hazionekani kwa hadubini ya kawaida, kwa kuwa mawimbi ya mwanga ni makubwa kuliko zenyewe. Huhitajika hadubini ya elektroni, nazo ni chache, kwa hiyo mwanafunzi pengine hupeleka sampuli yake hata Afrika Kusini, akangoja kwa miezi. Jibu likija baya, aanze upya. Nikamkumbuka sahaba Jabir bin Abdillahi, aliyesafiri mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja tu. Sisi masheikh twaisimulia safari ile kila tukitaka kuwasifu watafutaji elimu. Nami nilikuwa nimekuja kumzuia mtafutaji nyumbani kwake.

Asubuhi yake tulikwenda Kawangware, mimi na shemeji yangu, kupitia Dagoretti Corner mpaka pale wanapopaita 46. Nilikuwa nimeandika sharti kwamba mke ataendelea na masomo mpaka amalize. Hapa nataka akina mama mnisikilize vizuri, kwa kuwa wengi hudanganyika. Katika madhehebu yetu ya Shafi sharti la namna hii, hata likitajwa katika nikaha, halimfungi mume vile mnavyodhani, ilhali kwa Mahanbali linamfunga, na likivunjwa mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Kwa hiyo msitosheke na karatasi. Mtazameni kijana usoni anapoisoma, na muulizeni nani atapika siku maabara itakapofungwa saa mbili usiku. Karo nayo ijadiliwe siku hiyo hiyo, maana uzamili huhesabiwa kwa laki, na mkopo wa HELB ukipatikana hurudishwa.

Kijana aliisoma polepole. Aliuliza jambo moja tu: “Atamaliza lini?” Nikamjibu kama nilivyoambiwa: miaka miwili mashine zikiwa nzima, mitatu zikiharibika. Akanyamaza, kisha akasema yeye anaweza kungoja, bali neno ni la mama yake.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Hakukubali, wala hakukataa. Alisema kwa sauti kavu kwamba hata Kawangware maji ni ya mtungi, na mjukuu wake alilazwa mwaka huu kwa kuharisha. Basi kama huyo msichana ana dawa ya maji, aje aieleze mwenyewe, asitumiwe wanaume.

Jumamosi hii, insha-Allah, narudi Nairobi kumsindikiza. Ameniagiza gunia la vifuu.