Lugha za Kompyuta Zilizovuka Pazia la Chuma

Mwaka 1979, Andrei Ershov wa Muungano wa Kisovieti na Donald Knuth wa Marekani waliwakutanisha wanahisabati na wataalamu wa kompyuta mjini Urgench, Uzbekistan, iliyokuwa ndani ya Muungano huo. Hapo ndipo Khorezm, nchi ya al-Khwarizmi, mwanachuoni ambaye jina lake limezaa neno "algoriti". Vita Baridi vilikuwa havijaisha. Wapo wanaoshikilia kwamba mikutano kama huo iliupamba utawala wa Moscow bure. Hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali yote.

Ershov hakuingia katika ushirikiano huo mikono mitupu. Mwaka 1958, akiwa bado kijana, alichapisha njia ya kuiwezesha programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi wa programu kuwa amri za mashine itambue hesabu inayojirudia. Ukiandika (a+b) × (a+b), inabaini kwamba mabano yote mawili ni kitu kimoja. Basi inajumlisha mara moja tu, inaliweka jibu na kulitumia tena. Kwa mashine za wakati ule, zilizokuwa na kumbukumbu finyu mno, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Makala hiyo ilitafsiriwa na kuchapishwa Marekani mwaka huohuo.

Maarifa yalikwenda na kurudi. Lugha ya kompyuta ya Algol 60 ilitungwa na wataalamu wa Ulaya Magharibi na Marekani, bila Msovieti hata mmoja. Ershov na wenzake wa Novosibirsk, huko Siberia, wakaichukua, wakaiongezea uwezo wa kushughulikia safu nzima za namba kwa mkupuo, wakaiita Alfa. Baadaye Ershov mwenyewe akawa mjumbe wa kikundi cha kimataifa kilichoilea Algol. Heshima hiyo aliipata kwa kazi yake.

Dola ya Kisovieti iliyowajengea wanasayansi mji mzima nje ya Novosibirsk ndiyo pia iliyowafunga mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliamua kunakili kompyuta za IBM, kampuni ya Marekani. Ni kweli, hivyo ilijipatia programu zilizokwisha kuandikwa. Lakini wabunifu wake wengi waligeuzwa wanakili. Kinachoniuma zaidi ni habari ya Valentin Turchin, aliyebuni lugha ya kompyuta ya Refal. Alimtetea hadharani Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyeupinga utawala huo, akapoteza kazi, na mwaka 1977 akaihama nchi. Miaka miwili baadaye wageni walikaribishwa Urgench.

Je, Knuth alipaswa kuususia mkutano huo? Hapana. Kususa kungemwacha Ershov peke yake, na Turchin asingerudishiwa kazi kwa sababu hiyo. Ila ukarimu wa mwenyeji haupaswi kumziba mgeni mdomo. Kwa hiyo nawasihi wanasayansi wanaoalikwa leo katika nchi zinazowanyamazisha wanasayansi wao: nendeni, fanyeni kazi na wenzenu, na kabla ya kikao cha kwanza kufunguliwa ulizeni kwa majina wako wapi wale ambao hawakuruhusiwa kuhudhuria.