Matumbo ya Udhiya na Tangi la Gesi



Ikaribiapo Idi ya kuchinja, tunausiana sana juu ya mnyama: umri wake, uzima wake, mgao wa nyama. Ni haba kutajwa yanayobaki chini ya mwembe: damu, matumbo, kwato. Mama mmoja ameniuliza kama anaweza kuvitia katika tangi lake la gesi, alitialo samadi ya ng'ombe wake, kisha tope litokalo humwagia mchicha.

Samadi na itiwe. Ndiyo kazi ya tangi. Hayo mengine yana sharti. Tangi la nyumbani halina moto. Hutegemea joto la hewa yetu, yapata nyuzi 30, na humo vijidudu vingi vya maradhi hustarehe.

Watu wa Ulaya walilijua hili kwa gharama. Mwaka 2001 Uingereza ilikumbwa na ugonjwa wa miguu na midomo, nao ukahusishwa na nguruwe waliolishwa makombo yasiyopikwa. Wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: taka za machinjioni zinazoruhusiwa kufanywa mboji au gesi zikatwe vipande visivyozidi milimita 12, zipate joto la nyuzi 70 kwa saa nzima bila kukatizwa. Ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe waliokomaa haviingii kabisa. Na shamba lililotiwa mbolea hiyo, mifugo hailishwi hapo kabla ya siku 21 kupita.

Hata moto huo una kikomo: mbegu za kimeta haziuliwi na nyuzi 70. Basi mnyama aliyejifia asipasuliwe. Aitwe daktari wa mifugo.

Katiba yetu ya 2010 imezipa kaunti kazi ya machinjio na ya uzoaji taka. Zote mbili ziko mkono mmoja, kwa hiyo sioni udhuru. Tuwadai wawakilishi wa wadi tangi lenye moto kando ya machinjio, na afisa mwenye kipimajoto na daftari, aandike kila siku. Sheria isiyopimwa ni karatasi tu.

Mpaka hapo, mama, damu na matumbo yafukiwe kina kirefu, mbali na kisima, kwani mwamba wetu wa pwani hupitisha maji upesi. Na lile tope la samadi uuepushe mchicha; lipeleke shinani mwa minazi na migomba.