Kung'oa mifuko ya hewa si matengenezo

Kuna hoja iliyochapishwa inayosema Range Rover ya miaka ya 2002 hadi 2012 ikianza kulala chini, ng'oa mfumo wote wa mifuko ya hewa inayobeba gari, funga springi za chuma, shida imeisha. Haijaisha. Gari linaloamka limelala upande mmoja linavuja hewa, na panapovuja hutafutwa. Liinue kwa mfumo wake hadi kimo cha juu, nyunyizia maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira na maungio ya mabomba. Povu litasema.

Dai bovu kuliko yote: "Kompresa ikifa, mfumo umekufa." Mara nyingi kompresa huuawa. Mfuko uliochanika huilazimisha kujaza hewa bila kupumzika mpaka iungue. Badilisha kompresa uache tundu, utanunua nyingine. Ng'oa vyote, umemkata mgonjwa mguu kwa sababu ya jipu.

Na mlio wa chuma kugongana gari linapopita kwenye mashimo? Kagua bushi na boljointi. Zikiwa zimelegea, springi mpya hazitazikaza. Zaidi ya hayo, gari lililoundwa kujiinua kwenye matope sasa linabaki na kimo kimoja, na taa ya onyo inawaka mpaka fundi aidanganye kompyuta.