Mwanakwaya, koo lako si ngoma ya kupigwa

Huenda umewahi kuwasikia akina mama wa Bulgaria wakiimba nyimbo zao za asili. Sauti zao hupenya kama filimbi, hata ukadhani wanapiga kelele. Mwaka 1990 rekodi yao ilishinda tuzo ya Grammy nchini Marekani. Huko huko Marekani, tangu 1969, wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Yale wana kwaya yao ya kuimba nyimbo za aina hiyo, ingawa si waimbaji wa kulipwa.

Kuimba nyimbo za wengine si jambo geni kwetu. Kwaya ya Muungano, chini ya Boniface Mganga, ilitoa Missa Luba, misa ya Kongo, mwaka huo wa 1990. Leo hata kwaya ndogo ya Awasi inaweza kujifunza wimbo wa ng'ambo kwa simu. Ni jambo jema. Ninalopinga ni kuiga ukali wa sauti bila kujua unatoka wapi.

Ukali wa Wabulgaria hautokani na kukaza shingo. Hutokana na jinsi wanavyolipanga koo na kinywa ili sauti ivume, na wengi walijifunza hivyo tangu utotoni. Anayeiga kwa nguvu huziumiza nyuzi zake za sauti. Nyuzi hizo ni mbili, ndogo sana, na mwanamke anapoimba hugongana mara mia kadhaa kwa sekunde. Zikilazimishwa huvimba, na zikizoea kulazimishwa huota vinundu.

Tazama hali yetu. Kwaya hukesha matangani Ijumaa, huimba kanisani Jumapili, na vipaza sauti vya kinanda huwalazimisha waimbaji kupaaza zaidi ili wajisikie. Jumatatu mmoja ni mwalimu mbele ya darasa, mwingine anaita wateja sokoni. Sauti ikikauka, riziki nayo imekauka.

Kwa maoni yangu, wa kwanza kuwajibika ni mwalimu wa kwaya. Badala ya kuamuru "Ongezeni sauti!", na apunguze kinanda, aanze na mazoezi mepesi, na awape waimbaji nafasi ya kupumzika na kunywa maji.

Nawe mwimbaji, usidanganyike na mayai mabichi. Yanaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo. Tangawizi na asali hutuliza koo tu, kwani unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Dawa kubwa ni kunyamaza. Usinong'one kwa nguvu, maana hilo nalo huchosha.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda hospitali ya Ahero au ile ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu, ukachunguzwe. Ukitema damu, ukipumua kwa shida au ukiona uvimbe shingoni, usingoje hata wiki moja. Huenda si uchovu wa kuimba, bali ni saratani, nayo hutibika vyema ikigunduliwa mapema.

Imba, msomaji, hata Kibulgaria. Lakini kumbuka koo halina spea.