Viongozi, soksi si ya kununua kwa chenji

Timu za mchangani Ziba, wilayani Igunga, zikichangishana hela, akili yote iko kwenye jezi. Soksi zinabebwa zozote zile. Kwenye uwanja mkavu wa kiangazi, kisigino kinatoboka mapema na mchezaji anachechemea kwa malengelenge.

Viongozi, unene peke yake haudumishi soksi. Pamba tupu hunyonya jasho, hulegea na kusagika ndani ya njumu. Tafuteni iliyochanganywa na nailoni, nene kisigino na vidoleni, nyepesi kwingine. Njumu ya mtumba ikibana, soksi nene inasuguliwa zaidi.

Sheria namba 4 ya soka inataka soksi zifunike vikinga ugoko. Kwa hiyo nazo zipewe bajeti yake.