Wakala wa majarida anafaa, lakini ufunguo ubaki maktaba

KATIKA njia panda ya Kidahwe, kilometa 28 hivi kutoka mjini Kigoma, ambako barabara ya Kasulu inaachana na ile ya Uvinza, madumu ya mawese ni bidhaa inayofahamika na kila mtu. Mchikichi ni zao linalomlipia mkulima ada ya mtoto na kumpa mfanyabiashara mdogo mzigo wa kupeleka mikoa mingine.

Tangu Julai 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua mkoani humo kampeni ya kufufua zao hilo, wakulima wamehimizwa kuachana na dura, yaani michikichi ya zamani ambayo kokwa yake ina ganda nene. Wanahimizwa kupanda tenera, ambayo ganda lake ni jembamba, nyama yake ni nyingi, na hutoa mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30.

Ushauri huo ni mzuri, lakini una mtego ndani yake. Mkulima anayeona tenera ya jirani imezaa vizuri, akaokota mbegu zake na kuziotesha, hapati shamba la tenera. Tenera ikichavushwa na tenera, kati ya miche 100 kadiri ya 25 huwa dura, 50 huwa tenera, na 25 huwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda. Tenera ikichavushwa na dura, nusu ya miche hurudi kuwa dura.

Kwa kuwa mchikichi huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, hasara hiyo hugundulika wakati fedha za palizi na nguvu za familia zimekwishapotea. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mbegu zilizozalishwa kitaalamu, kama zile za kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, mkoani humo humo.

Siri ya tenera si ya leo. Ilielezwa mwaka 1941 na watafiti Beirnaert na Vanderweyen waliokuwa kituo cha Yangambi, karibu na Kisangani, nchini Kongo. Waliiandika kwa Kifaransa katika chapisho la utafiti. Wafanyabiashara wamekuwa wakivuka Ziwa Tanganyika miaka yote kwenda na kurudi Kongo, lakini maarifa hayo hadi leo wapo wakulima ambao hayajawafikia.

Hapa ndipo maktaba inapoingia. Matokeo ya utafiti wa michikichi, mihogo, kahawa na hata dagaa sasa huchapishwa zaidi katika majarida ya kielektroniki yanayosomwa kwa kompyuta. Mengi huuzwa kwa fedha za kigeni, tena na wachapishaji wengi walio Ulaya na Marekani. Katikati ya biashara hiyo yumo mtu ambaye wakulima wengi hawamjui, naye ni wakala wa majarida.

Kazi yake si ngeni kwa mwenye duka wa Kidahwe. Mwenye duka anayetaka sabuni, kanga, betri na viatu hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kila bidhaa inapokwisha. Hutuma fedha na orodha kwa mtu mmoja anayemwamini Kariakoo. Mtu huyo huzunguka kwa wauzaji kumi, hulipa, hukagua, hufunga mzigo mmoja na kuupakia. Mzigo ukipungua, ndiye anayeulizwa.

Wakala wa majarida hufanya hivyo hivyo kwa maktaba. Hukusanya oda za wachapishaji wengi na kumpa mkutubi ankara moja badala ya hamsini. Hupokea malipo na kuyagawa kwa fedha ambazo kila mchapishaji anazitaka. Hukumbusha mkataba unapokaribia kwisha. Hupeleka kwa wachapishaji anwani za kompyuta za maktaba ili milango ifunguke, na jarida lililolipiwa likikataa kufunguka, yeye ndiye anayefuatilia. Mwisho wa mwaka huweza pia kukusanya takwimu za majarida yaliyosomwa sana na yale ambayo hayakuguswa, ili fedha ya mwaka unaofuata isitupwe.

Ipo faida nyingine inayoeleweka zaidi nchini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, wakati michango mingi ya majarida huhesabiwa kuanzia Januari hadi Desemba. Maktaba inayongoja fedha zake inaweza kukuta Januari imefika na milango imefungwa. Wakala mzuri hupanga oda mapema na kuzungumza na wachapishaji ili huduma isikatike kwa sababu ya kalenda mbili zisizolingana.

Kwa hiyo si sahihi kumwona wakala kama mlanguzi. Mkutubi mmoja mwenye kompyuta mbili na umeme wa kukatika hawezi kuandikiana na wachapishaji hamsini, kusoma leseni hamsini na bado akamhudumia msomaji aliyesimama mbele yake.

Hata hivyo, kila anayepokea fedha kabla ya kuleta mzigo anaweza kuondoka nazo. Mwishoni mwa mwaka 2002 wakala mkubwa wa Marekani, RoweCom, alianguka baada ya kupokea malipo ya maktaba bila kuyafikisha kwa wachapishaji. Septemba 2014 ikawa zamu ya Swets ya Uholanzi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1901, ambayo mahakama ya Amsterdam iliitangaza kuwa imefilisika. Maktaba zilizokuwa zimelipa mapema zilijikuta katika foleni ya wadai.

Wakulima wa Kigoma wanaijua hali hiyo bila kufundishwa. Mtu aliyekabidhi kahawa yake kwa ahadi ya kulipwa kesho anafahamu kwamba jina kubwa kwenye bango si dhamana. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Maktaba nayo inapaswa kudai stakabadhi inayoonyesha kwamba mchapishaji amelipwa, kuomba dhamana ya benki kwa malipo makubwa ya mapema, na pale inapowezekana kulipa kwa awamu.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Enzi za jarida la karatasi, fedha zilipokwisha nakala za zamani zilibaki rafuni na mtu aliweza kuzisoma hata baada ya miaka ishirini. Jarida la kielektroniki ni tofauti. Kama mkataba haukusema vinginevyo, siku malipo yanapokoma mlango hufungwa, pamoja na ile miaka ambayo maktaba iliilipia kwa fedha zake. Ni sawa na mpangaji aliyelipa kodi miaka kumi: siku akishindwa, hatoki na hata tofali moja.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia saini, mkutubi amuulize wakala maswali matatu. La kwanza, je, miaka iliyolipiwa itaendelea kusomeka baada ya mkataba kwisha? La pili, je, leseni inamruhusu mtu yeyote anayeingia mlangoni, akiwemo mkulima asiye mwanafunzi wala mtumishi, kuketi na kusoma? La tatu, je, maktaba ikiamua kubadili wakala, orodha ya majarida na takwimu zake zitabaki mikononi mwa nani?

Swali la pili ndilo linalomgusa zaidi mtu wa Kidahwe. Leseni inayotaja wanafunzi na wafanyakazi wa taasisi peke yao inamwacha nje yule ambaye shamba lake ndilo lililofanyiwa utafiti. Kipengele cha kumruhusu msomaji wa kuingia mlangoni kimo katika leseni nyingi duniani, lakini mara nyingine hakiingii mpaka kiombwe.

Aidha, si kila kitu ni cha kununua. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na wachapishaji lilianzisha mpango wa AGORA, unaofungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo, uvuvi na mifugo. Tanzania imo katika kundi linalopata huduma hiyo bila malipo. Taasisi za utafiti, vyuo, ofisi za serikali na maktaba za taifa zinaweza kujiandikisha. Yapo pia majarida mengi yaliyo wazi kwa kila mtu. Wakala mwaminifu ni yule anayemwonyesha mteja wake vya bure kabla ya kumwandikia ankara ya vya kulipia.

Kwa vile vya kulipia, nguvu iko katika umoja. Maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini zina muungano wao, COTUL, ambao hujadiliana bei kwa pamoja. Hesabu yake ni ile ile ya chama cha ushirika: gunia moja halina sauti sokoni, lakini magunia elfu moja humfanya mnunuzi ashuke kwenye gari. Maktaba za mikoa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vituo vya utafiti vilivyo mbali na Dar es Salaam vinapaswa kusogezwa karibu na mezani, ili Kigoma isilipie yenyewe kile ambacho Morogoro imekwishakipata.

Morogoro inatajwa kwa sababu. Huko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndiko iliko Maktaba ya Taifa ya Kilimo, iliyopewa jukumu hilo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991. Kama jukumu ni la taifa, basi mkulima aliye ukingoni mwa ziwa ana haki nalo kama aliye chini ya milima ya Uluguru.

Pamoja na hayo yote, mlango ukifunguliwa bado kuna lugha. Makala ya kurasa kumi na mbili ya Kiingereza haimsaidii mtu anayetaka kujua kama mbegu iliyo mkononi mwake ni ya kupanda au ya kukamua. Inahitajika karatasi moja ya Kiswahili, yenye picha ya kokwa tatu zilizopasuliwa, iliyobandikwa kwenye ofisi ya kata na kwenye duka la pembejeo. Mkutubi atafute, mtafiti ahakiki, bwana shamba aandike na kusambaza. Kazi hiyo haitafanywa na wakala, na hakuna ankara inayoweza kuinunua.

Wakati umefika kwa halmashauri za mkoa wa Kigoma kuiweka maktaba katika mazungumzo ya zao la mchikichi, badala ya kuihesabu kuwa ni mahali pa wanafunzi kujisomea wakati wa mitihani. Bajeti ya miche na bajeti ya maarifa ni bajeti ya shamba moja.

Wakulima na wafanyabiashara nao wasisubiri kualikwa. Mtu akifika mjini kuuza mawese, apite maktaba aulize kuna nini kuhusu zao lake, na kama hakuna, aulize kwa nini. Mkutubi anayeulizwa swali hilo mara kumi kwa mwezi atakuwa na hoja ya kupeleka kwa wakuu wake na kwa wakala wake. Asiyeulizwa hana hoja, na jarida ambalo halikufunguliwa ndilo la kwanza kukatwa mwaka unapokwisha.