Kisa Pampu, Akaninunia!
Wapenzi, mimi nilisoma uhandisi wa mitambo kwanza, sheria baadaye. Ndiyo maana mteja akifungua mchoro wa mashine, namwelewa hata kabla hajaongea. Kazi yangu ni hataza, ile haki ya kulinda uvumbuzi kwa miaka 20. Raha tupu, ila nusura inivunjie ndoa! Baba Neema alinikuta usiku nafunika kompyuta, akanuna wiki nzima: "Unamficha nani humo?" Ningemwambiaje? Mteja anataka kuuza hadi Ulaya, na kule kitu kilichokwisha kusemwa hadharani kabla ya maombi hakihesabiki kipya. Mzee akiropoka kijiweni, hataza hakuna. Siku hizi namwambia tu, "Leo nimeshinda na pampu." Pampu ya nini, haulizi. Ananimiminia chai.